Hatutupi Kitu Hapa

Sehemu ya saba

Ndugu msomaji, kabla sijaendelea, kuna jambo nililokuficha wiki iliyopita.

Nilikueleza kwamba Jumatatu ile, mtambo wa dereva wetu Biziwiki ulipokuwa ukikata udongo chini ya kilima ili barabara ipanuliwe, ndoo yake ilitoka na sahani ya bati yenye tundu katikati. Nikasema nilidhani ni taka za jikoni, nikamwambia aendelee na kazi. Tipa kumi na moja za udongo ule zikaenda barabarani. Ukasambazwa, ukamwagiwa maji, ukashindiliwa.

Yote ni kweli isipokuwa neno moja. Sikudhani.

Nilijua.

Mimi ni mtu wa Mzimba, kaskazini, lakini nimeishi hapa Dedza kwenye kijiji cha wakwe zangu miaka kumi na tano. Baba mkwe alipofariki, mke wangu Ezelina alinitolea sahani ya marehemu na msumari, nyuma ya nyumba, akaniambia, "Mama anasema uitoboe wewe." Nikaitoboa. Sahani ya marehemu hutobolewa ikawekwa juu ya kaburi lake, asiwepo mtu wa kuilia chakula tena.

Kwa hiyo nilipoiona sahani ile kwenye udongo, nilijua ni ya nani. Si jina lake, lakini nilijua ni ya mtu aliyelala pale chini.

Na haikuwa sahani peke yake. Palikuwa na shingo ya chungu, na kando ya chungu palikuwa na kitu cheupe. Sikukitazama. Nilisogeza udongo juu yake kwa buti langu.

Sasa nimekwambia. Naomba usilikunje gazeti. Nisikilize.

Ulinikuta katika sehemu za mwanzo nikiwa kibarua wa sululu. Ulinikuta nikienda shule ya jioni nikiwa na miaka arobaini na mitatu, nikikaa kwenye dawati la watoto, magoti yakigusa kidevu. Nilitaka kitu kimoja tu, kusoma maandiko kwa macho yangu mwenyewe. Mungu akanipa. Na kwa kuwa nilijua kuandika, Injinia Tiyamike alinipa daftari na kazi ya kukagua udongo.

Zamani kazi ilikuwa hivi: udongo wote unaokatwa kando ya barabara unamwagwa korongoni, mzuri na mbaya pamoja. Kisha wanakwenda kuchimba mwingine kwenye mashamba ya watu. Mahindi yanang'olewa, linabaki shimo, mvua ikija shimo linajaa maji, na mwaka haupiti bila mbuzi kuzama humo, au mtoto.

Mimi nilimwambia Injinia, "Mama, tunachokitupa huku ndicho tunachokwenda kukitafuta kule. Hata kwenye maandiko makombo ya mikate yalikusanywa vikapuni."

Alinitazama, akacheka, akasema, "Basi wewe ndiye vikapu vyangu."

Tangu siku hiyo nilisimama mbele ya kila mtambo. Udongo mwekundu wenye kokoto ulirudi barabarani. Mweusi uliwekwa kando kwa ajili ya kingo na bustani. Lami ya zamani ilikwanguliwa, ikapondwa, ikachanganywa na udongo, ikalala chini ya lami mpya. Mashimo mashambani yakakoma. Vibarua wakawa wanaimba, "Hatutupi kitu hapa!" kila nilipopita, wengine kwa heshima, wengine kwa kejeli.

Mkwe anayekaa kwa wakwe zake, kwa desturi ya huku, ni mgeni hata azeeke. Nyumba ni ya mke, watoto ni wa ukoo wa mke. Mjomba wa mke ndiye mwenye neno. Kwa miaka kumi na tano nilikuwa "yule mtu wa kaskazini". Kwa sababu ya udongo nikawa "Bwana Jailosi".

Na udongo wa chini ya kilima ulikuwa mzuri kuliko wote niliowahi kushika. Ndiyo maana.

* * *

Ilikuwa Alhamisi, saa sita na nusu mchana.

Mama Dolofina, anayetuuzia chakula, alikuwa amekuja na vyungu vyake kama kawaida, nsima, yaani ugali wa huku, na dagaa wa ziwani. Vibarua walikuwa wengi siku hiyo.

"Sahani zimeniishia," alisema. "Mwenye njaa asubiri mwenzake alambe vidole."

"Mimi simsubiri mtu," alisema Biziwiki. "Ninayo yangu."

Biziwiki ni kijana wa Blantyre, mtoto wa mjini, mcheshi. Akaruka kwenye mtambo wake, akarudi na sahani.

Ilikuwa sahani ile ile. Nilidhani ilibaki pale nilipoitupa.

Mama Dolofina aliweka nsima, akamimina dagaa. Kisha akaipima mkononi. "Mbona nzito hivi chini?"

"Ilikuwa na tundu, mama. Nimeiziba na lami, tone moja tu. Haivuji hata mchuzi."

"Umeitoa wapi?"

"Kilimani pale. Sisi hatutupi kitu hapa! Muulize mkuu wangu." Akaninyooshea kidole huku anacheka. Wenzake wakacheka pia.

Mama Dolofina hakucheka. Alikimwaga chakula chote chini. Akaifuta sahani kwa kitenge chake, polepole, kama mtu anayemfuta mtoto uso.

"Mwanangu," alimwambia Biziwiki, "umekula humu mara ngapi?"

"Kila jioni, tangu Jumanne."

"Mungu wangu."

Akaacha vyungu juu ya moto, akashika njia ya kijijini na ile sahani kifuani. Mama yule ana miguu mibovu. Siku ile alikimbia.

Biziwiki alinigeukia. "Achimwene, kaka yangu, nimefanya nini?"

"Kachukue sahani ya mwenzako ule," nikamjibu.

Hayo tu ndiyo niliyomwambia. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia, "Kimbia," au, "Kosa ni langu." Nikamwambia akale.

Nikaenda nyuma ya tangi la maji, nikapiga magoti. Nimeomba maisha yangu yote, msomaji. Naomba asubuhi, naomba kabla ya kushika sululu, nimekesha nikiwaombea wagonjwa wa kijiji kizima. Lakini sijawahi kuomba kama nilivyoomba nyuma ya lile tangi.

Sikuomba nisamehewe. Niliomba wasijue.

* * *

Haikupita saa moja. Walikuja Wajukuu.

Ndivyo wanavyoitwa wanaoshika makaburi huku, hata kama ni wazee wenye mvi. Ndio wanaochimba, ndio wanaozika, na wakikukasirikia hakuna atakayekuchimbia wala kukuzikia mtu wako. Chifu mwenyewe huwaogopa. Siku ile alituma neno moja tu: mambo ya makaburi ni yao, watakaloamua ni hilo hilo.

Walikuwa wanane, na mkubwa wao ni Lusiano, kaka yake Mama Dolofina. Hawakupiga kelele. Walikata matawi, wakayalaza barabarani kutoka ukingo hadi ukingo. Greda ikasimama. Roli ya kushindilia ikasimama. Nyuma yao kijiji kizima kikaja, wanaume upande huu, wanawake upande ule, wakaketi chini kando ya kilima.

Injinia Tiyamike alikuja mbio na gari. Ni binti wa miaka thelathini, mwenye moyo mzuri, anayeamini kwamba kila jambo likielezwa vizuri litaeleweka.

"Baba Lusiano," alisema, akapiga magoti kwa heshima, "kabla ya kazi tuliuliza makaburi yako wapi. Mkatuonyesha juu ya kilima. Hatujagusa juu."

"Ni kweli. Juu hamjagusa."

"Sasa tatizo ni nini, baba?"

"Waliozikwa juu walizikwa mchana. Mwaka wa ndui watu walizikwa hapa chini, usiku, bila kilio, na watu wanne tu. Wanne wale wamekwisha kufa. Palikuwa na miti ya kupaonyesha. Mwaka wa njaa tukaikata tukachoma mkaa. Hilo ni kosa letu, tunalibeba." Akainyanyua sahani. "Hili si letu. Udongo uliotoka na hii uko wapi?"

Injinia aligeuka. Kisha akanyoosha mkono kuelekea barabarani. Mita mia moja nzima, nyekundu, laini, imenyooka kama meza. Nilikuwa nimejivunia kipande kile.

Wanawake wakaguna.

"Nani aliupitisha?" aliuliza Lusiano.

Na hapo, msomaji, Injinia alinimaliza kwa wema wake.

"Baba, msije mkafikiri tulifanya ovyo ovyo," alisema. "Kila udongo hapa hukaguliwa. Tunaye mtu mwaminifu, anaandika kila kitu." Akafungua daftari langu, akasoma kwa sauti, ili wote wasikie jinsi nilivyo makini: "'Chini ya kilima. Safari kumi na moja. Mzuri sana. Hakuna cha kutupa. J. Mbendera.'" Akalifunga. "Huyu ndiye aliyeokoa mashamba yenu. Jailosi, simama wakuone!"

Nikasimama.

Mwandiko wangu niliujifunza kwa taa ya chemli, herufi moja kwa wiki moja. Sikujua kama siku moja ningetamani ningebaki mjinga.

* * *

Lusiano alitoa neno lake kwa kifupi. Udongo wote urudi kilimani. Usiguswe na mtambo. Urudi kwa mikono na vikapu.

"Baba," alisema Injinia, "udongo ule umeshachanganywa na lami ya zamani. Umeshindiliwa. Siwezi tena kuujua huu ni wa kilima na huu si wa kilima. Itabidi nifukue mita mia nzima, na ninachofukua hakifai tena. Halafu itabidi nichimbe mwingine shambani kwa mtu. Kazi yote tuliyofanya ili tusitupe kitu, mnataka tuitupe?"

"Wewe unaita kutupa," alisema Lusiano. "Sisi tunaita kurudisha."

Injinia aliomba nafasi apige simu kwa wakubwa wake. Baraza likapumzika.

Nilikwenda kwenye pipa la maji kunawa uso. Ezelina alinifuata. Alijifanya anachota, hakunitazama.

"Walipotaja sahani, uliinamisha kichwa," alisema.

"Eze…"

"Usiniite. Nisikilize. Mjomba Sikelo ameuliza kule kwa wanaume adhabu ni ipi. Asiyejua, analipa mbuzi na kuku, yamekwisha. Aliyejua, anaondoka kijijini na alichokuja nacho." Akakitumbukiza kikombe kwenye pipa. "Ulikuja na nini, baba Tadala?"

Nilikuja na begi na jembe.

"Watoto wanne wanabaki hapa," alisema. "Ni wa ukoo huu, hutachukua hata mmoja. Mimi nabaki hapa. Usinifanye mjane wa mtu aliye hai."

"Unataka niseme nini?"

"Sema hukujua. Wewe ni mtu wa kaskazini, nani atabisha? Mjomba alikuwa Afrika Kusini kwenye migodi baba alipokufa. Hajui ulishika msumari."

"Wewe unajua."

"Mimi sijui kitu."

"Na mama?"

Hapo ndipo aliponitazama. "Mama atasemaje? Lini mama amewahi kusema na wewe?"

Ni kweli. Mkwe na mama mkwe, huku, ni moto na majani. Hawatazamani, hawali pamoja, hawaitani majina. Akija njiani, mimi naingia majanini mpaka apite. Miaka kumi na tano ninaijua sauti yake kutoka nyuma ya ukuta tu. Kila alichotaka kuniambia alimtuma Ezelina.

"Mungu je?" nikamwuliza mke wangu.

Ezelina aliinua ndoo, akaiweka kichwani. Maji yakamtiririka usoni, au labda hayakuwa maji.

"Mungu ana watoto wengi," alisema. "Mimi nina wanne."

* * *

Baraza liliporudi, Mjomba Sikelo alisimama kunitetea. Mjomba huyu hajawahi kunipenda. Siku ya harusi yetu aliniuliza mbele ya watu kama kaskazini tunakula panya, akijua fika kwamba ni wao huku Dedza wanaowauza kandokando ya barabara wakiwa wamechomekwa kwenye vijiti. Lakini siku ile alisimama kama ndugu.

"Wajukuu," alisema, "mkwe wangu amekosea, sikatai. Lakini ng'ombe wa mgeni hajui mpaka wa shamba. Kwao wanazika nyuma ya zizi. Sahani yenye tundu kwake ni sahani yenye tundu. Tumtoze mbuzi, tumfundishe, aendelee kutuombea."

Watu wakacheka kidogo. Nikaona mabega ya wengine yakilegea.

Lusiano hakucheka. Alimwita Biziwiki.

Maskini Biziwiki alikuja amevua kofia, anaikunjakunja mikononi. Tangu aliposikia alikuwa ametapika mara mbili.

"Wewe uliiokota sahani. Ulipoiokota, nani alikuwepo?"

"Mkuu wangu alikuwepo, baba. Niliishusha ndoo nikamwuliza. Akaitazama. Akaishika, akaigeuza. Akasema, 'Taka za jikoni, kata tu.' Akaitupa pembeni. Mimi nikaona si haki. Kila siku anatuambia hata msumari uliopinda unyooshwe. Ndiyo nikaichukua." Akaanza kulia, mtu mzima. "Mimi nimezaliwa mjini, baba. Kwetu tunazikwa na manispaa."

"Jailosi," alisema Lusiano. "Ulisema hivyo?"

"Nilisema."

"Kwa nini?"

Msomaji, hapo palikuwa na njia mbili tu, na zote mbili zilikuwa na shimo. Niliwaona wanangu wamekaa kwenye mchanga karibu na bibi yao. Tadala, yule wa kwanza, alikuwa amemshika mdogo wake mdomo asipige kelele, ili wamsikie baba yao vizuri.

"Kwa sababu sikujua," nikasema.

"Hukujua sahani ya kaburi?"

"Sikujua."

Nilingoja waniletee maandiko niapie. Niliyaogopa, na wakati huo huo niliyatamani, kwa maana nilijua mkono wangu ukiwekwa juu yake ungekataa. Ungenisaliti, na mambo yangekwisha.

Mmoja wa Wajukuu alisema, "Aape."

Lusiano akatikisa kichwa. "Huyu haapishwi. Mke wangu alipokuwa anakufa, huyu alikaa naye siku tatu akimwombea, hakula. Neno lake linatosha."

Basi. Likatosha.

Walikubaliana mbuzi mmoja na kuku wawili. Mjomba Sikelo akanipiga bega, akaninong'oneza, "Umeniaibisha, lakini umepona." Injinia, ambaye wakubwa wake walikuwa wamemwambia barabara ifukuliwe na atafutwe wa kulaumiwa, alikuwa akimtazama Biziwiki. Mkaguzi hakujua, na neno lake limekubaliwa. Lakini dereva amekula kwenye sahani ya maiti, na kijiji hakiwezi kumwona tena juu ya mtambo.

"Biziwiki," alisema kwa huzuni, "kesho usije."

Biziwiki hakumtazama Injinia. Alinitazama mimi. Hakuwa na hasira. Alikuwa akinisubiri niseme kitu, kama mbwa anavyomsubiri bwana wake mlangoni.

Nikainama, nikafunga kamba za buti langu.

* * *

Wanaume walikuwa wameanza kukung'uta mavumbi suruali zao waondoke. Ndipo sauti ikatoka upande wa wanawake.

"Mmemaliza, wanaume?"

Nilikuwa nikiijua sauti ile kutoka nyuma ya ukuta.

Mama mkwe alikuwa amesimama. Ni mwanamke mfupi, miaka sabini sasa, mgongo umeinama. Akamwendea Lusiano, akanyoosha mkono. Lusiano akampa sahani.

Aliigeuza kwenye mwanga. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa buluu, akasimama mahali palipokuwa na doa jeusi.

"Doa hili nililitia mimi," alisema. "Niliiangusha motoni. Mama akanichapa, halafu akalia kwa sababu alinichapa." Akaikumbatia. "Nilikuwa na miaka minane. Walimtoa usiku, mimi wakanifungia ndani nisiambukizwe. Nimekuwa nikiuliza maisha yangu yote: mmemweka wapi mama yangu? Kila mtu ananionyesha kilima kizima."



Mama wa mama mkwe wangu. Bibi yake Ezelina. Nilikuwa nimemsogezea udongo kwa buti.

Ezelina alijishika kichwa. Hakuwa amejua. Hapana aliyekuwa amejua.

Mama mkwe aliacha upande wa wanawake, akavuka katikati, akaja upande wa wanaume. Akaja mpaka mbele yangu. Mimi, kwa desturi ya miaka kumi na tano, niligeuza uso, nikatafuta majani ya kuingia. Hapakuwa na majani.

"Mkwe wangu," alisema. "Nitazame."

Wanawake wakaziba midomo. Mjomba Sikelo akasema, "Dada, haifai!"

"Sikelo, kaa chini. Mama alipozikwa ulikuwa bado unanyonya." Hakugeuka. "Nitazame."

Nikamtazama. Msomaji, ndiyo mara ya kwanza nilipouona uso wa mama mkwe wangu. Ana macho ya Tadala.

"Wamesema hukujua," alisema. "Mimi ni mwanamke, sibishani na baraza. Sitaki mbuzi. Sitaki kuku. Nina ombi moja tu, na hili huwezi kuninyima."

Sauti yake ilikuwa ya upole. Ningeona afadhali angenipiga.

"Mama yangu alizikwa na watu wanne, usiku. Hakuna aliyemwombea hata neno moja, waliogopa ugonjwa. Wewe ndiye unayetuombea sisi wote hapa. Umemwombea mke wa Lusiano, umemwombea mume wangu. Sasa mwombee mama. Mwambie Mungu jinsi alivyotoka pale," akaonyesha kilima, "akafika pale," akaonyesha barabara. "Mweleze yote, tangu ndoo ilipomtoa. Na usimwambie moyoni. Mwambie kwa sauti, tusikie."

Lusiano akavua kofia. "Ni haki," alisema. "Simameni."

Kijiji kizima kikasimama. Injinia akainamisha kichwa. Biziwiki akapiga magoti pale pale alipokuwa, kofia kifuani. Watu wote wakafumba macho, hata wanangu, mikono wameikunja kama nilivyowafundisha.

Nikamtafuta Ezelina. Alikuwa ameyafumba macho yake kwa nguvu, midomo ikimcheza, na nilijua anamwomba Mungu nisiseme.

Mama mkwe peke yake hakufumba. Alisimama mbele yangu na sahani ya mama yake, akinitazama.

Nikafumbua mdomo.

"Bwana," nikasema, "wewe unajua."

Nilisikia upepo, na turubai la tipa likipigapiga.

"Yeye anajua," alisema mama mkwe. "Tuambie sisi."